Mbung'o wa Kipande cha Saba

Kila niliporudi nyumbani Nyamwaga wakati wa likizo, baba alikuwa na mgeni wa kunionyesha. Aliniita nitoke jikoni nije nisalimie, halafu akasema kwa sauti ya kusikika hadi zizini, "Huyu ndiye yuko chuo kikuu." Mgeni akauliza nasoma nini. Nikajibu, historia. Baba akanirekebisha: historia ya sayansi. Hapo ndipo shida ilipoanza.

"Kwa hiyo ni daktari," mgeni akasema.

"Hapana, mzee."

"Wa mifugo?"

"Hapana. Nasoma jinsi watu walivyokuja kuyajua mambo wanayoyajua. Nani alipima, alipimaje, nani akaandika."

Mgeni akatazama ng'ombe wakiingia. Kisha akasema, "Nina mtamba ana uvimbe shingoni. Utamwangalia kabla hujarudi?"

Nimeifanya kazi hii hadi nimestaafu, na sidhani kama nilifanikiwa kuieleza hata mara moja. Niliingia humo kwa hasira, si kwa mapenzi. Nikiwa sekondari, mwalimu wa sayansi alitusomea kitabuni kwamba uhusiano wa mbung'o na ugonjwa wa ng'ombe uligunduliwa na Mzungu fulani. Nikanyoosha mkono. Nikasema bibi yangu hakwenda shule, lakini ng'ombe waliposhushwa bondeni alikuwa akijua vichaka vya kuwapitisha na vichaka vya kuepuka. Je, yeye hakugundua? Mwalimu aliniambia nikae chini. Nilikaa, lakini sikukubali, na swali hilo nikaenda nalo hadi chuoni. Huko mhadhiri mmoja mgeni alilipenda, akawa msimamizi wangu, akanipa mada ya tasnifu: utafiti wa mbung'o uliofanywa wakati wa ukoloni upande wa Serengeti.

"Wewe ni wa huko huko," alisema kwa furaha.

Sikuwa wa huko. Mimi ni Mkurya wa milimani, kwetu baridi, hakuna mbung'o. Kati ya Nyamwaga na vijiji vya Wanata na Waikoma kuna Mto Mara na ugomvi wa ng'ombe wa enzi na enzi. Lakini kwake yeye, kwenye ramani yake ya ukutani, sehemu hizo mbili zilikuwa pua na mdomo.

Kituo chenyewe cha utafiti kilikuwa kimefungwa zamani. Madaftari yake yalikuwa stoo ya wilaya, nyuma ya mifuko ya mbolea na majembe ya kugawia wanavijiji. Nilikuwa na barua tatu: ya chuo, ya mkoa na ya wilaya. Ya wilaya ilisema tazama ya mkoa. Mtunza stoo alizisoma zote taratibu, akazikunja, akanirudishia.

"Karatasi za Wazungu unazitakia nini, Ndugu?" aliuliza. "Zimeshajaa. Zingekuwa tupu ningekuelewa."

Miaka ile karatasi ilikuwa adimu, kweli, lakini ilinichukua siku mbili kumfanya aamini kwamba nataka yale yaliyoandikwa. Aliponifungulia, nilikaa juu ya mfuko wa mbolea wiki tatu, macho yakinichoma, nikinakili.

Kazi ya kituo ilikuwa hivi. Wanaume wawili walibeba kitambaa cheusi kilichotandazwa kwenye fito, wakafuata njia moja kila asubuhi toka mtoni hadi kilimani. Njia iligawanywa vipande kwa vigingi. Kila kipande walisimama, mbung'o wakatua juu ya kitambaa au juu ya miili yao, wakawakamata kwa wavu, wakawahesabu, wakaandika. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Katika vipande vyote namba zilipanda na kushuka kwa majira. Kipande cha saba tu ndicho hakikubadilika. Mmoja, wawili, hakuna, wawili.

Mtaalamu wa kituo aliliona jambo hilo akaliandikia makala iliyosifiwa sana. Alisema udongo wa pale na aina ya migunga iliyoota haviwapendezi mbung'o. Kwenye ramani yake, kipande cha saba na eneo lote linalokizunguka aliviacha vyeupe, maana yake salama. Nilivutiwa. Niliandika sura nzima kuhusu uvumilivu wa kuhesabu, na jinsi namba ndogo ndogo zinavyoweza kuzaa elimu kubwa. Msimamizi aliniandikia kwamba ni sura nzuri kuliko zote alizosoma mwaka ule. Kilichobaki ni kumpata mkamataji mmoja aliye hai, nipambe tasnifu kwa maneno yake mawili matatu.

Jina lake lilikuwa madaftarini. Katibu kata alinielekeza: yupo, amehamia kijiji kipya. Ulikuwa wakati wa operesheni ya vijiji, kila mtu alikuwa amehamia mahali. Nilipofika, nilikuta nyumba zimepangwa kwa kamba, mstari mmoja nyuma ya mwingine, na mbele ya mlango wa kila nyumba kuna kibao cha namba. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yake, si mbele, akichonga mpini.

"Shikamoo, tata," nilimwamkia, nikimwita baba kwa lugha zetu.

"Marahaba. Binti wa wapi?"

"Tarime. Nyamwaga."

Alichungulia nyuma yangu. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Basi karibu. Watu wa kwenu tumezoea wanakuja wengi, na hodi hawapigi." Alicheka mwenyewe kwa muda mrefu.

Kwa siku nne alinieleza kila kitu ambacho sikukihitaji. Alinieleza kofia ya mtaalamu, mbwa wa mtaalamu, jinsi mtaalamu alivyochemsha maji mara mbili. Alinieleza mwenzake waliyebeba naye kitambaa, aliyekuwa na kikohozi kisichokwisha na ambaye sasa ni marehemu. Nikigusa kipande cha saba, alikumbuka shughuli. Akaondoka, tena si kwa njia ya watu. Alipita kwenye tundu la ua wa minyaa nyuma ya nyumba, akipinda mgongo, mzee mzima. Nikabaki na kalamu mkononi.

Siku ya tatu nilimuuliza mke wake kwa nini mumewe hatumii mlango wa mbele.

"Mama yangu yuko hapo," alisema, akionyesha kwa midomo. Nyumba ya pili kutoka yao, bibi kizee alikuwa akianika mtama. "Waligawa viwanja kwa namba. Tuliwaambia huyu na mkwe wake hawawezi kukaa mstari mmoja. Wakasema hayo ni mambo ya zamani."

Kwa watu wa kwao wakati ule, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Hata kwetu tunaheshimiana hivyo. Kwa hiyo mzee yule alikuwa na mlango mpya wa mbao, wenye bawaba, asioweza kuutumia.

Siku ya tano uvumilivu uliniisha. Niliweka nakala zangu mbele yake juu ya kigoda.

"Tata, nimevuka mto, nimeomba barua tatu, nimelala kwenye mifuko ya mbolea. Nimekuuliza jambo moja siku tano. Kipande cha saba. Kwa nini mbung'o walikuwa wachache?"

"Unakasirika kama mtaalamu," alisema. Aliweka shoka chini. "Hawakuwa wachache. Hatukupita."

"Hamkupita lini?"

"Hatukupita. Palikuwa na mji wa mkwe, boma lake."

Nilimwangalia. Akaona sijaelewa, akaniongezea, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni.

"Tulikuwa tunatembea kifua wazi, ili mbung'o watue juu yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, sisi ndio chambo. Kaptura yangu ilikuwa na madirisha nyuma. Nipite vile mbele ya mama wa mke wangu? Na kitambaa cheusi begani kama naleta msiba? Tukifika mwisho wa kipande cha sita tunaacha njia, tunazunguka nyuma ya kilima, tunatokea kipande cha nane."

"Na zile namba?"

"Tuliandika ndogo. Ukiandika kubwa, mtaalamu atataka kuja kuona."

"Hakuwahi kuja?"

"Alikuwa anakuja hadi kipande cha tatu. Jua lilikuwa kali."

Sikujua nicheke au nilie. Sura yangu ile nzuri, uvumilivu wa kuhesabu, udongo, migunga, makala iliyosomwa Ulaya, vyote vilikuwa vimejengwa juu ya mkwe. Nilikusanya karatasi zangu kwa hasira, nikachana moja. Halafu nikamuuliza, kwa ajili ya kuuliza tu, "Na huo mji wa mkwe wako ulikuwa wapi hasa?"

Alinitazama kwa huruma. "Hapa. Yule mama peke yake ndiye hakuhamishwa. Kijiji kimemfuata."

"Hapa ndipo kipande cha saba?"

"Unakanyaga."

Waliopanga kijiji walikuwa wametumia ramani ya mtaalamu. Walitafuta eneo jeupe, wakalipata.

"Na mbung'o bado wapo?"

"Mwanangu," alisema, "tangu juzi unajipiga mikono. Unafikiri unapiga nini?"

Nilikuwa nikidhani ni nzi wa ng'ombe. Miaka miwili nilikuwa nimesoma habari za mbung'o, nimechora mabawa yake yanavyolaliana, na sikumtambua aliyekuwa akininyonya mkononi. Kwa muda wote ule hasira yangu kubwa ilikuwa juu ya mzee. Pale ndipo ilipoanza kunirudia mwenyewe.

Nikaanza kuona yaliyokuwa mbele ya macho yangu. Ng'ombe wa jirani waliosimama na mbavu nje ilhali majani yamejaa. Dume la kulimia lililoanguka siku niliyofika, ambalo watu walilichuna bila kusema neno. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye daftari langu chini ya kichwa "mandhari".

Nilikwenda kwa mama mkwe. Hakuwa na Kiswahili, kwa hiyo binti yake, mke wa mzee, alitutafsiria. Nilimuuliza kama alijua kwamba mkwewe alikuwa anazunguka kilima.

Alicheka hadi akashika kiuno. Binti yake akatafsiri akitazama chini.

"Anasema alikuwa anajua. Alikuwa anasikia yule mwenzake wa kikohozi. Akisikia kikohozi, anaita watoto, wanaingia ndani, anafunga mlango, ili mkwe apite kwa amani. Anasema anakaa gizani na moshi hadi jua linapanda. Mkwe hapiti."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Miaka yote ile."

"Na wewe ulijua?" nilimuuliza binti. "Ulijua kwamba mama anajifungia ili mumeo apite, na mumeo anazunguka kilima ili asipite?"

"Nilijua."

"Mbona hukuwaambia?"

"Mambo ya mtu na mkwe wake mimi naingiaje?"

Nilifunga daftari. Yule bibi akaacha kucheka, akavuta mkono wa gauni, akanionyesha ngozi yake iliyojaa alama za kuumwa. Alisema mbung'o walikuwa wanamfuata humo humo ndani. Mume wake alikufa kwa malale. Alianza kusinzia akichunga, kisha akawa anasinzia akila. Kaburi lilikuwa pale, kati ya nyumba yake na nyumba yenye kibao kinachofuata, na wapimaji walipitisha kamba juu yake.

Kesho yake nilipanda lori hadi wilayani. Afisa aliyehusika na mpango wa kijiji alinipokea vizuri, akanipa kiti, akatandaza ramani.

"Ndugu mtafiti, eneo hili lilipimwa na wataalamu."

"Najua, Ndugu. Nimesoma madaftari yao. Namba za hapa zilitungwa."

"Zilitungwa na nani?"

"Na waliokuwa wakikamata."

"Kwa sababu gani?"

Nilijisikia nikisema, "Kwa sababu ya mama mkwe."

Aliweka kalamu chini. Aliniangalia, na nikajua anafikiria jinsi serikali inavyosomesha watu kwa gharama.

"Lete maandishi," alisema mwishowe.

"Maandishi ndiyo yenye uongo, Ndugu."

"Basi mhusika mwenyewe aseme mbele ya mkutano wa kijiji. Yakiingia kwenye kumbukumbu za mkutano, nitakuwa na kitu cha kupeleka juu."

Nilirudi kwa mzee nikimbembeleza. Alikataa. Mbele ya mkutano? Mkwe akiwa amekaa na wanawake wenzake? Aseme kifua wazi, aseme kaptura? Nilimwambia ng'ombe wanakufa. Alisema anajua, wawili ni wake. Nilimwambia watu watakufa. Akasema hilo analijua kuliko mimi, kwani yeye ndiye aliyemzika baba wa mke wake. Nikapandisha sauti, jambo ambalo binti wa Kikurya hafanyi mbele ya mtu wa rika la baba yake. Nikamuuliza kama heshima yake inamtosha kuwa chakula. Alinyanyuka, akatoka kwa lile tundu la minyaa.

Kilichotufungulia njia hakikutoka kwangu. Siku ya mkutano, bwana mifugo akiwa ameshafika na mwenyekiti ameshapiga kengele ya chuma, bibi kizee alitoka nyumbani kwake amejifunika khanga kichwani, akapita katikati ya watu bila kumsalimia mtu, akaenda zake mtoni na kikapu kitupu. Kila mtu alielewa. Mzee akatoka kwa mlango wa mbele. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza.

"Kipande cha saba hatukupita," alisema aliposimama. "Namba za pale ni za uongo, ni zetu. Mbung'o walikuwepo na wapo." Akakaa.

"Kwa nini hamkupita?" bwana mifugo aliuliza, kalamu tayari.

Wanaume wakatazama viatu vyao vya matairi. Mwisho mzee mmoja wa upande wa pili akasema, "Ameshasema," na mwenyekiti akaendelea na suala la shamba la kijiji.

Nilisoma kumbukumbu za mkutano wiki iliyofuata. Ziliandikwa hivi: wananchi walihimizwa kufyeka vichaka. Basi. Hakuna mzee, hakuna kipande cha saba, hakuna namba za uongo. Afisa akaniambia kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu, hakuna tatizo.

Lakini watu walikuwa wamesikia. Ndani ya mwezi ule, bila kibali na bila kelele, walihamisha mazizi yote kwenda ng'ambo ya kilima, mahali ambapo ramani ilipapaka rangi nzito ya hatari, lakini ambapo mzee, aliyepazunguka miaka yote ile, alijua mbung'o ni wachache. Ng'ombe waliobaki wakapona. Nyumba zilibaki kwenye mstari wake na vibao vyake, na watu wakalala huko huko zizini zaidi ya nyumbani. Vichaka vikafyekwa pia, kwa kuwa vilikuwa vimeandikwa. Baadaye nilionyeshwa ripoti iliyosema wananchi wa kijiji kile wamehamasika, wameupanua mpango wenyewe.

Vita vyangu na msimamizi vilikuwa virefu kuliko vya kijijini. Aliandika kwamba simulizi hiyo inavutia sana, lakini haiwezi kuthibitishwa. Ni neno la mzee mmoja dhidi ya miaka ya vipimo. Nilijibu kwamba vipimo vyenyewe ni neno la mzee yule yule, alipokuwa kijana. Akasema ukwe si ushahidi. Nikasema mtu aliyefika hadi kipande cha tatu tu si shahidi. Tuliandikiana hivyo karibu mwaka mzima, barua zikichelewa na kupotea, mimi nikitafuna kalamu Nyamwaga huku baba akiniuliza kama hiyo shahada huwa inaisha. Mwisho tulipatana vibaya, kama watu wanaopatana kwa kuchoka. Sura yangu nzuri niliitoa. Yaliyotokea kipande cha saba yaliingia mwishoni, kwenye tanbihi ya herufi ndogo, mistari sita.

Nilipewa shahada kwa tasnifu hiyo, na baadaye kazi ya kufundisha, na kwa miaka mingi wanafunzi wangu walikuwa wakiisoma ile mistari sita kabla ya kitu kingine chochote.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mzee. Nilimkuta nyuma ya nyumba kama kawaida. Aliupima uzito wa kitabu kwa mkono mmoja, akauliza yeye yuko wapi humo. Nilimfungulia ukurasa, nikamsomea kwa Kiswahili: kwamba wakamataji hawakupita katika kipande cha saba kwa sababu ya heshima ya ukwe, na namba zilizoandikwa hazikutokana na kuhesabu.

Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atalalamikia aibu, au atafurahi. Uso wake ulikunjamana.

"Hukuandika tulizunguka."

"Nimeandika hamkupita, tata."

"'Hamkupita' ni mtu aliyekaa kivulini. Sisi tulizunguka kilima. Ile njia ilikuwa ndefu mara mbili, ina mawe, na mwenzangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Kila siku. Mtu akisoma hapa atasema tulikuwa wavivu."

Nilimweleza kwamba kitabu kimeshapigwa chapa, kimefungwa, nakala nyingine ziko maktaba, hakibadiliki. Nilimweleza jinsi nilivyopigania hata hiyo mistari sita. Nilieleza kwa kirefu, na nilisikia sauti yangu inapanda tena.

"Kalamu unayo?" aliuliza.

Nilikuwa nayo.

"Andika."

Nikaandika pembeni ya ukurasa, kwa mkono, yeye akinitajia: walizunguka kilima kwa miguu, kila siku ya kazi, wakiwa wamebeba kitambaa. Aliniambia niongeze mawe. Nikaongeza mawe. Alikichukua kitabu, akakiinamia ingawa alijua kusoma namba tu, akaniuliza neno lipi ni kilima. Nilimwonyesha. Akaweka kidole juu yake, akakiacha hapo wakati mkewe akituletea uji.